Hukumu kama njia ya Mungu kujifunua

Hukumu ya Mungu, katika Biblia, ni zaidi ya adhabu: ni tendo ambalo kwalo Mungu hujulisha yeye ni nani, na hapo hapo huyaweka wazi yaliyomo moyoni mwa mwanadamu. Farao aliuliza BWANA ni nani hata aisikilize sauti yake (Kutoka 5:2), na mapigo kumi yakawa jibu la swali hilo, kwa shabaha ambayo Mungu mwenyewe aliitaja, kwamba Wamisri wajue ya kuwa yeye ndiye BWANA.

Hapa Goma dhana hii huhitaji uangalifu wa pekee. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka mwezi Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, si vigumu kuelewa kwa nini mtu angeuliza walioteketezewa nyumba walikosa nini. Yesu alikataa kabisa hesabu ya namna hiyo: wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alisema, hawakuwa wakosaji kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu, kisha akawataka waliomsikiliza watubu wao wenyewe (Luka 13:4-5). Kwa hiyo anayesimama mimbarani na kuwahukumu waliofiwa anaumiza watu bure, na andiko halimpi ruhusa hiyo.

Kuiona hukumu, hata hivyo, si kuikubali. Mvua ya mawe ilimfanya Farao akiri kwamba amekosa. Ilipokoma, akaufanya moyo wake kuwa mzito tena. Mfalme Yehoyakimu wa Yuda alikwenda mbali zaidi. Kila ziliposomwa kurasa tatu au nne za gombo la nabii Yeremia, alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni, ingawa baadhi ya wakuu wake walimsihi asifanye hivyo (Yeremia 36). Naamini hakulichoma kwa kutolielewa, bali kwa sababu lilimhusu. Baruku, mwandishi wa Yeremia, akaandika gombo jingine, na maneno mengi yakaongezwa.

Ukaidi huo Paulo anauita kuipinga kweli kwa uovu (Warumi 1:18): watu wanamjua Mungu, lakini hawamtukuzi. Nayo hukumu anayoieleza katika sura hiyo haina radi wala moto. Anasema mara tatu, katika mistari ya 24, 26 na 28, kwamba Mungu aliwaacha wafuate walichokichagua.