Nani aliwafungulia wasichana wa India mlango wa shule? Dhana potofu na ukweli

Kila nikifika kwenye mada ya India chini ya Waingereza, mkono mmoja hunyooshwa na maneno ni yale yale: "Lakini mwalimu, angalau Waingereza waliwapa wanawake wa kule elimu." Nimeyasikia kwa wanafunzi, kwa wazazi wao, hata kwa walimu wenzangu. Nimechoka kuyajibu kwa mdomo.

Ukisikia fulani "alileta" jambo, uliza kwanza ni mwaka gani, kisha uliza nani aliumia ili jambo hilo liwepo. Wanafunzi wangu wameukariri ushauri huu, na sitaacha kuurudia. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilipewa haki ya kukusanya kodi Bengal, mashariki mwa India, mwaka 1765. Waraka wa London ulioiagiza serikali ya India iunge mkono elimu ya wasichana ni wa mwaka 1854. Hapo katikati ni karibu miaka tisini ya kodi. Na waraka huo ulipotoka, Savitribai Phule alikuwa amekwisha kufundisha wasichana mjini Pune, magharibi mwa India, kwa miaka sita.

Savitribai alizaliwa mwaka 1831 kijijini Naigaon, Satara, katika jamii ya Mali, watu wa bustani na maua, ambao Wabrahmini, tabaka la juu la makuhani wa Kihindu, waliwahesabu kuwa wa chini. Aliozwa akiwa na umri wa miaka tisa, hajui kusoma. Mumewe Jyotirao, naye bado kijana, alimfundisha nyumbani, kisha Savitribai akasomea ualimu. Mwaka 1848 wakafungua shule ya wasichana Bhidewada, Pune, miongoni mwa shule za kwanza za wasichana kuanzishwa na Wahindi wenyewe. Njiani Savitribai alitupiwa matope na kinyesi cha ng'ombe; alibeba sari ya pili ili abadilishe akifika. Mwaka 1849 baba mkwe akawatoa nyumbani kwa sababu ya kazi hiyo. Hawakurudi nyuma: kufikia 1851 walikuwa na shule tatu.

Wengine hunikatiza hapa: na wamisionari je? Ni kweli, wamisionari wa Kimarekani walikuwa na shule za wasichana Bombay tangu miaka ya 1820, na Savitribai alipata mafunzo kwa mmoja wao, Cynthia Farrar, huko Ahmednagar. Anastahili heshima yake. Lakini Farrar hakuwa serikali ya Uingereza. Serikali ilikuja kuwapongeza akina Phule mwaka 1852, shule zikiwa tayari zinakwenda.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dhana hii inaficha nusu ya pili ya maisha ya Savitribai. Mjane wa Kibrahmini, hata kama alifiwa akiwa mtoto, hakuruhusiwa na mila kuolewa tena. Alinyolewa nywele, akafungiwa ndani, na akipata mimba alibaki na njia mbili tu: kujiua au kukiua kichanga. Mwaka 1863 akina Phule wakafungua nyumba ambamo wajane kama hao wangejifungua kwa usalama. Mtoto wa mmoja wao, Yashwant, walimlea kama mwana wao, akawa daktari. Jyotirao alipofariki mwaka 1890, Savitribai mwenyewe alibeba chungu cha mazishi mbele ya jeneza, kazi iliyokuwa ya wanaume. Tauni ilipoikumba Pune mwaka 1897 aliwauguza wagonjwa. Alimbeba mtoto mgonjwa mgongoni hadi kwenye zahanati ya Yashwant, akaambukizwa, akafa tarehe 10 Machi.

Dhana nyingine hazinihitaji muda mrefu.

Indira Gandhi hakuwa binti wa Mahatma Gandhi, wala mkwewe. Baba yake ni Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India. Jina la Gandhi alilipata kwa mumewe Feroze, Mparsi (mtu wa jamii ya India yenye asili ya Uajemi) asiye na undugu wowote na Mahatma.

"Wanawake wa Kiislamu wa India hawakuwa na sauti." Razia alikalia kiti cha usultani wa Delhi kuanzia 1236 hadi 1240. Dola ya Bhopal, katikati ya India, ilitawaliwa na wanawake wanne, karibu mfululizo, kati ya 1819 na 1926. Wa mwisho wao, Sultan Jahan, ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Aligarh mwaka 1920. Rokeya Sakhawat Hossain alifungua shule ya wasichana wa Kiislamu Calcutta mwaka 1911, akizunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi wawatoe binti zao.

"Hayo ni ya kwao, sisi hayatuhusu." Januari 1924 Sarojini Naidu, mshairi na mpigania uhuru, alikuja Mombasa kuongoza mkutano wa Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Ni miezi michache tu tangu serikali ya Uingereza iamue, mwaka 1923, kwamba nyanda za juu za Kenya zitabaki za Wazungu. Aliupinga ubaguzi huo palepale Mombasa, na mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza wa Kihindi kuwa rais wa chama cha Congress cha India.