Je, wajua kwa nini kimbilio la wanyamapori hufunguliwa kwa watoto wa shule?

Kimbilio ni mahali pa kukimbilia unapofukuzwa. Nchini Marekani serikali kuu inatunza maeneo zaidi ya 560 yenye jina hilo, makimbilio ya taifa ya wanyamapori, na wanaokimbiwa ni sisi binadamu: bunduki zetu, mashamba yetu, barabara zetu, kelele zetu. Halafu siku ya shule, asubuhi na mapema, basi la manjano linasimama langoni na watoto wa darasa la nne wanashuka kwa vifijo, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza kumwona tai. Inakuwaje mahali palipotengwa ili wanyama wapumue pakaribishe wageni wenye kelele kuliko wote?

Uzito wa swali hili unaonekana ukijua makimbilio haya yalikoanzia. Kimbilio la kwanza lilikuwa Pelican Island, kisiwa kidogo cha Florida kisichofika hata hekta tatu. Mwishoni mwa karne ya 19 kofia za wanawake wa mijini zilipambwa kwa manyoya ya ndege, na yaliyotafutwa sana ni yale marefu, laini, ambayo yangeyange huota msimu wa kuzaliana. Kwa hiyo mwindaji alimfuata ndege kiotani kwake. Mzazi aliuawa, manyoya yakanyofolewa, vifaranga wakabaki wamefungua midomo wakingoja chakula kisichokuja. Tarehe 14 Machi 1903, Rais Theodore Roosevelt alitia saini amri ya kukitenga kisiwa hicho kwa ajili ya ndege. Mlinzi wake wa kwanza alikuwa Paul Kroegel, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyekuwa fundi wa mashua. Serikali haikuwa imetenga fedha za kumlipa, hivyo chama cha wataalamu wa ndege kikampa dola 1 kwa mwezi. Kazi yake ilikuwa kuzuia watu wasifike.

Aliyefungua mlango kwa watoto si meneja mmoja mwenye moyo mwema. Ni sheria. Mwaka 1997 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuboresha mfumo mzima wa makimbilio haya, na msimamo wake ni kwamba wanyama ndio wa kwanza. Chini ya hapo inataja matumizi sita ya watu yanayopewa kipaumbele: uwindaji, uvuvi, kutazama wanyama, kupiga picha, elimu ya mazingira, na kuwafafanulia wageni wanachokiona. Ndiyo, uwindaji na uvuvi vimo, kwa vibali na misimu yake. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo sita linaloingia bila kupimwa. Msimamizi wa kimbilio hujiuliza, na kuandika jibu lake: je, jambo hili litaharibu lengo lililofanya eneo hili litengwe? Likiharibu, halifanyiki, hata kama ni ziara ya watoto wenye hamu kubwa ya kujifunza.

Ndiyo maana ziara ya shule kwenye kimbilio haifanani na matembezi ya bustanini. Darasa hugawanywa makundi madogo, na kila kundi hupewa njia yake. Njia inayopita karibu na viota hufungwa msimu wa kutaga. Mahali pengine watoto hubaki ndani ya basi wanapopita kando ya maji, kwa sababu ndege wengi huvumilia gari kuliko mtu anayetembea kwa miguu. Mtu akishuka tu, kundi zima linaruka. Kuruka huko kuna gharama. Bata aliye katikati ya safari ya kuhama anatumia mafuta aliyoyaweka mwilini, na kila anaposhtuliwa anayachoma bure badala ya kula. Kwingine hujengwa kibanda cha mbao chenye matundu ya kuchungulia, na sharti la humo ni moja: kimya.

Hapo ndipo ninapoona uzuri wa jambo lenyewe. Kutulia, kunyamaza na kungoja, yaani masharti yaliyowekwa kwa ajili ya ndege, ndiyo yanayomfundisha mtoto. Mtu akisikia orodha ya makatazo hudhani mtoto amenyimwa raha. Mimi nasema amepewa ufunguo, na sijui ushahidi mzuri wa hilo kuliko sinia la maji ya bwawa.

Watu wazima wengi hupanga ziara hizi wakiogopa kitu kimoja: itakuwaje tukifika na wanyama wasionekane? Mara nyingi kweli hawaonekani. Mamalia wengi hutoka usiku au alfajiri, na waliokuwa karibu wamesikia basi tangu mbali. Waongozaji wazoefu hawapiganii bahati hiyo. Humpa mtoto wavu wenye mpini mrefu na sinia jeupe, wakampeleka ukingoni mwa maji.

Wavu unaburutwa taratibu kwenye mizizi ya matete, unapinduliwa juu ya sinia lenye maji kidogo, na kinachoonekana ni tope. Majani yaliyooza, vijiti, uchafu. Mtoto wa kwanza husema hakuna kitu, na hapo mwongozaji mzuri hasemi neno. Tope linatua. Baada ya dakika moja hivi kijiti kimoja kinaanza kutembea. Si kijiti, ni buu aliyejijengea ala ya vipande vya majani na chembe za mchanga, akavigandisha kwa hariri yake mwenyewe, sasa anaikokota nyumba yake huku kichwa na miguu vikiwa nje. Kando yake kuna kiumbe bapa chenye mikia mitatu, na ubavuni mwake matamvua madogo yanapepea bila kukoma. Hayo ni matamvua yake ya kupumulia. Kiumbe hicho kitakapoota mabawa na kutoka majini hakitakula tena. Kinywa chake hakitakuwa na kazi, na kitaishi saa kadhaa au siku chache tu, muda wa kupandana na kutaga.

Halafu anaonekana mtoto wa kereng'ende, na kuanzia hapo sinia lina wenyewe. Hana mabawa, ana rangi ya tope, anatambaa kama mzee. Lakini chini ya kidevu chake amekunja mdomo mrefu kama mkono, wenye koleo mwishoni. Kiluwiluwi akipita karibu, mkono huo unafyatuka na kurudi na windo kabla jicho lako halijaelewa kilichotokea. Ukimgusa kwa ncha ya jani anachomoka mbele kwa kasi, kwa sababu huvuta maji kwa nyuma na kuyatema kwa nguvu. Matamvua yake ya kupumulia yamo ndani huko huko nyuma. Mwambie hilo mtoto wa miaka tisa, kisha uone kama atasahau.

Tope ni lile lile. Kilichobadilika ni yeye kukaa kimya mbele yake kwa dakika moja.

Viumbe hawa pia si kivutio tu. Ni kipimo. Buu mwenye nyumba na yule wa mikia mitatu huhitaji maji yenye oksijeni ya kutosha. Maji yakichafuka, wao ndio wa kwanza kutoweka. Ruba na baadhi ya minyoo huvumilia. Wapo pia mabuu wekundu kama uzi, na wekundu huo unatokana na himoglobini, jamii ile ile ya kemikali inayobeba oksijeni katika damu yetu, nayo huwasaidia kuishi kwenye tope ambalo wengine wangekosa hewa. Kwa hiyo watoto wakihesabu nani yumo kwenye sinia na nani hayumo, wanafanya kazi ambayo wataalamu wa maji huifanya kweli, kwa mantiki ile ile. Hawaigizi sayansi. Nalisisitiza hili kwa sababu mtoto hutambua haraka sana kazi ya kweli na kazi aliyopewa ili akae kitako.

Kitonge cha bundi nacho kina mvuto wake. Bundi humeza panya mzima, kisha baada ya saa kadhaa hutapika manyoya na mifupa isiyosagika ikiwa imefungamana kama kidonge kikubwa. Vitonge vilivyopashwa moto kuua vijidudu huwekwa mezani, na watoto huvifumua kwa kibano. Fuvu la panya lina meno ya mbele ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo inatokana na madini ya chuma yanayoyafanya yawe magumu. Watoto watatu wakimaliza kupanga mifupa yao, mezani kuna chakula cha usiku mmoja cha ndege ambaye hakuna aliyemwona. Mnyama asiyeonekana ameonekana.

Basi, je, mtoto akipelekwa tu atajifunza? Hapana, na hili limechunguzwa. Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani John Falk na wenzake walionyesha kwamba watoto wanaofanyia zoezi katika mazingira mageni kabisa kwao hujifunza machache ya lile zoezi kuliko wale waliokwisha kuyazoea. Akili yao ina shughuli nyingine. Inauliza: choo kiko wapi, tutakula saa ngapi, kuna nyoka hapa, tutarudi lini? Haya si maswali ya upuuzi. Ni mtoto anayetaka kujua kama yuko salama, na mpaka apate jibu, mdudu wa mikia mitatu atangoja. Mwaka 1994 watafiti Nir Orion na Avi Hofstein, waliochunguza wanafunzi katika ziara za jiolojia, waligawa ugeni huo mafungu matatu: kutojua mada, kutoyajua mazingira, na kutojua siku yenyewe itakwendaje. Aliyeandaliwa kwa yote matatu alifaidika zaidi.

Walimu wengi huandaa fungu la kwanza tu. Wanafundisha minyororo ya chakula wiki nzima, halafu hakuna aliyemwambia mtoto kwamba viatu vitalowa na kwamba ni sawa. Kama ningepewa saa moja kabla ya ziara, nusu yake ningeitumia kuonyesha ramani, picha ya choo na mahali pa kulia chakula, na kuwapa darubini waizoee darasani. Darubini mpya mkononi mwa mtoto anayetafuta ndege anayeruka ni mateso: anaona anga, anaona tawi lililofifia, anakata tamaa. Akiwa ameshajizoeza kusoma herufi za ubao kutoka mwisho wa darasa, ndege anampata.

Karatasi za kujaza majibu nazo zipunguzwe. Nimezitazama nyingi, na zinamfanya mtoto ainamishe kichwa pale pale alipoletwa ili akiinue. Swali moja zuri linatosha: ni kitu gani hapa kinakula kitu gani?

Falk, safari hii pamoja na Lynn Dierking, alirudi kwenye mada hii mwaka 1997. Waliwahoji watu 128 kuhusu ziara walizofanya wakiwa shule ya msingi, na karibu wote waliweza kueleza angalau moja, wengine baada ya miaka mingi sana. Ni masomo mangapi ya kawaida ya umri huo unayakumbuka hivyo? Watafiti wengine, kama Louise Chawla, wamewauliza watu wazima wanaojitoa kwa ajili ya mazingira ni nini kiliwaingiza huko. Majibu mawili hujirudia: muda waliokaa nje katika maumbile wakiwa wadogo, na mtu mzima aliyewaonyesha kwamba mahali pale pana thamani.

Na hapo kimbilio lenyewe linakuwa na haja na watoto. Ardhi hii haijilindi. Sehemu yake imenunuliwa kwa fedha za stempu ya bata, ambayo tangu 1934 wawindaji wa ndege wa majini hulazimika kuinunua na mtu yeyote mwingine anaweza kuinunua kwa hiari. Sehemu nyingine ipo kwa sababu wananchi waliokaa jirani walikataa ipotee. Mfano ni Tinicum, kinamasi cha maji ya kupwa na kujaa kilicho ukingoni mwa Philadelphia, jirani na uwanja wa ndege wa jiji. Barabara kuu na jaa la taka vilikuwa tayari kukimeza, wakazi wakapinga, na mwaka 1972 Bunge likapitisha sheria ya kukilinda. Leo kinaitwa kimbilio la John Heinz, na watoto wa jiji hilo huenda huko kuburuta nyavu huku ndege za abiria zikipita juu ya vichwa vyao. Kwa wengine ndiyo mara ya kwanza kugusa tope ambalo halikatazwi. Wanafunzi wa darasa la nne nchini humo wana hata kibali cha bure cha kuingia wao na familia zao katika ardhi za serikali kuu kwa mwaka mzima, kwa hiyo mtoto aliyekuja Jumanne na basi anaweza kurudi na mama yake Jumamosi. Kurudi huko, kwangu, kuna maana kuliko ziara yenyewe.

Mchana unapofika, mwongozaji anawaita wakusanye vifaa. Kuna kazi moja ya mwisho, na haiachiwi mtu mzima. Kila kundi linabeba sinia lake hadi ukingoni, pale pale lilipochota, si mita kumi kando. Wanachuchumaa, wanalizamisha upande mmoja polepole ili maji yaingie kabla ya kumwagika. Mtoto wa kereng'ende anasitasita kidogo kwenye ukingo mweupe, kisha anajitupa kwa nyuma yake ile ile na kupotelea kwenye matete. Watoto wanakaa kidogo wakitazama mahali alipoishia. Hakuna aliyewaambia wanyamaze.