Bamvua ni nini, na saa zake katika pwani ya mashariki ya Unguja

Bamvua ni siku chache, mara mbili katika kila mwezi wa kuandama, ambapo bahari hujaa kuliko kawaida na pia hupwa kuliko kawaida. Wengi hushika nusu ya kwanza tu ya maana hiyo. Wakisikia bamvua, wanafikiria maji mengi yanayogonga kuta za hoteli na kuchimba mizizi ya mivinje. Kumbe siku hiyohiyo, saa sita baadaye, ufuo uleule wa Paje au Jambiani, vijiji vya pwani hiyo, unabaki mkavu, na mtu anatembea kwa miguu kilomita nzima na zaidi kuelekea kwenye mwamba wa matumbawe ulioko mbele baharini. Kinyume cha bamvua ni maji mafu: bahari hujaa kidogo, hupwa kidogo, na kutwa nzima huonekana kama haijaamua.

Kwa vipimo, bahari ya Zanzibar wakati wa bamvua hupanda na kushuka mita 3 hadi 4 hivi. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo husinyaa hadi karibu mita 1. Penye ufuo wa kuteremka ghafla, kama Kendwa na sehemu za Nungwi kaskazini mwa kisiwa, mita hizo huonekana kwa shida na watu huogelea saa yoyote. Pwani ya mashariki ni tambarare. Kati ya ufuo na mwamba kuna uwanda mpana wa mchanga, nyasi za baharini na mawe, na hapo kila sentimita ya kina hufunika au kufunua eneo kubwa.

Chanzo ni mwezi na jua. Vyote viwili huvuta bahari, ingawa jua, kwa umbali wake, halifikishi hata nusu ya nguvu ya mwezi katika kazi hii. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa karibu katika mstari mmoja, na nguvu mbili hujumlishwa. Mwezi unapokuwa nusu, jua huvuta upande mwingine na kupunguza kazi ya mwezi. Hayo ndiyo maji mafu. Bahari hata hivyo haiitikii papo hapo. Kilele cha bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpya au mpevu, na ndivyo ilivyo kwa maji mafu baada ya mwezi nusu. Bamvua za karibu na Machi na Septemba, jua linapopita juu ya ikweta, ndizo kubwa zaidi katika mwaka.

Kwa hiyo anayefuata kalenda ya Kiislamu ana jedwali la maji kichwani. Mwezi 1 hadi 3 na mwezi 15 hadi 17, yaani tarehe hizo za mwezi wa kuandama, ni bamvua. Mwezi 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Idi ya mfungo mosi huangukia kwenye bamvua, na Idi ya kuchinja, mwezi 10, huangukia kwenye maji mafu. Mwandamo ukibishaniwa, hesabu hii inaweza kusogea siku moja. Bahari yenyewe haisubiri tangazo.

Jambo ambalo mgeni huwa halijui, na mwenyeji hulijua bila kufikiri, ni kwamba saa za bamvua mahali pamoja hazibadiliki. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50, kwa hiyo kila siku yanachelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana. Lakini bamvua hutokea tu pale mwezi na jua vinapolingana, na jua ndilo linaloshika saa. Matokeo yake ni kwamba Unguja, kila bamvua, maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11, alfajiri na jioni, na hupwa kati ya saa 4 na saa 5, asubuhi na usiku. Haijalishi ni Januari au Agosti. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka: hujaa kuelekea adhuhuri na hupwa alfajiri na jioni. Mombasa na Dar es Salaam saa zao ziko karibu sana na hizi. Pwani za mbali zina saa zao nyingine, maana kila bandari hupata maji kwa kuchelewa kwake.

Kutokana na hilo unaweza kupanga safari ya miezi mitatu mbele bila jedwali lolote. Anayetaka kutembea kwenye mwamba aje mwezi 2 au 16, atoke saa 3 asubuhi. Anayetaka kuogelea mbele ya hoteli ya Jambiani asubuhi, bamvua haimfai. Atakuta mchanga na kamba za mwani. Aje mwezi 9, maji yatakuwa kiunoni au zaidi anapomaliza chai.

Kinachowaponza watembezi ni mwendo wa maji. Hayapandi sawasawa kwa saa zote sita. Mabaharia hugawa kina chote kwa kumi na mbili: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua bamvua ya mita 3.6. Saa ya kwanza maji hupanda sentimita 30 tu, na mtu aliye mwambani huona bado kumetulia. Saa ya pili ni sentimita 60. Saa ya tatu na ya nne ni sentimita 90 kila moja, yaani sentimita moja na nusu kwa dakika. Dakika 20 zinatosha kuyatoa maji kwenye kifundo cha mguu hadi karibu na goti.

Tena maji hayaji kutoka mbele peke yake. Uwanda wa mashariki hauko sawa: mara nyingi sehemu iliyo karibu na mwamba imeinuka, na kati yake na ufuo kuna mkondo au bwawa refu lenye kina zaidi. Bahari huingia kwanza kupitia milango ya mwamba, ikajaza mikondo hiyo, ndipo ikapanda juu. Aliyesimama kwenye mawe makavu akimtazama pweza hana habari kwamba nyuma yake njia aliyopita ikiwa gotini sasa iko kifuani. Ndiyo sababu wenyeji hugeuza uso kuelekea nyumbani maji yakiwa bado yanamalizika kupwa. Kanuni inayofaa kushikwa: toka saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na saa ya kupwa ikifika uwe umeshaanza kurudi. Unapokwenda, pima kwa mwili wako mkondo wenye kina kuliko yote. Kama ulikufika mapajani wakati maji yanakwenda chini, usijidanganye kwamba una muda.

Kandambili hazifai huko; huteleza kwenye mawe yenye ukoga na hubaki zimenaswa kwenye matope. Vaa raba kuukuu. Usitie mkono kwenye shimo usiloliona ndani, na buruta miguu kwenye mchanga ili taa, samaki mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia akimbie kabla hujamkanyaga. Maji yanapokupwa kwa kasi, kaa mbali na mlango wa mwamba, kwa sababu maji yote ya uwandani hutokea pale na mkondo wake humshinda mwogeleaji mzuri.

Shughuli inayoonyesha bamvua vizuri zaidi ni kilimo cha mwani, kilichoanza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989. Mkulima, ambaye kwa kawaida ni mwanamke, hupigilia mambo, yaani vigingi vya mti, mchangani kwa mistari miwili, akafunga kamba ya nailoni ya mita 4 au 5 kati ya mambo na mambo, akaning'iniza miche kwa vikamba vya taitai, nafasi ya sentimita 20 hivi kati ya mche na mche. Baada ya wiki sita hivi huvuna. Kazi hii yote hufanyika akiwa amesimama au ameinama ndani ya maji ya kifundo au goti, kwa hiyo ana siku sita au saba za karibu na kilele cha bamvua, takriban saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa na saa mbili baada yake. Maji mafu yakiingia, shamba halifikiki kwa miguu, na ndizo siku za kukausha mwani, kutengeneza kamba na kuandaa miche.

Mahali pa kupigilia mambo ndipo pagumu. Ukikaa juu mno, karibu na ufuo, bamvua kubwa itauacha mwani hewani. Kumbuka kwamba maji hupwa saa 4 hadi saa 5 asubuhi: jua liko juu, na maji kidogo yaliyobaki yanachemka. Mwani huchoka, matawi hugeuka meupe, hulainika na kukatika. Aina ya kotonii, ambayo bei yake ni nzuri zaidi, ndiyo isiyovumilia joto, na imekufa katika maeneo mengi ya maji mafupi. Aina nyingine, spinosamu, ndiyo iliyobaki. Ukienda chini mno, hupati muda wa kufanya kazi kabla maji hayajarudi. Mstari unaofaa ni ule ambao hata katika bamvua ya Machi bado una maji ya kufunika mche. Wengine wamehamia kina kirefu kwa kutumia neti ndefu zilizoshonwa kama mkono wa shati, mwani ukiwa ndani yake. Njia hiyo hulinda mwani vizuri, lakini inataka chombo na inataka mtu anayejua kuogelea, na hapo wakulima wengi hukwama.

Kuchokoa pweza pia ni kazi ya bamvua, kwa sababu ndipo mapango ya mwambani yanapofunuka. Madema na nyavu hazifungwi sana na hesabu hii. Wanaozamia kuangalia matumbawe, Mnemba kwa mfano, hupata maji matulivu zaidi wakati wa maji mafu; bamvua huleta mikondo yenye nguvu na kutibua mchanga. Wanaoteleza kwa tiara pale Paje wanahitaji upepo wa kaskazi au wa kusi, lakini bamvua huwanyima sehemu ya asubuhi, maana ubao hugusa mchanga na mambo ya mwani hujitokeza; wapishe mashamba.

Wenye vyombo wana tahadhari yao. Ukitaka kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, au kupaka deheni, mafuta ya kuhifadhi mbao, chombo hupandishwa juu maji yakiwa yamejaa, kisha hukaa kikavu yakipwa. Ukikipandisha siku ya kilele cha bamvua, juu kabisa ya ufuo, maji ya kesho na keshokutwa hayatakifikia tena, na chombo kitakaa hapo karibu wiki mbili kusubiri bamvua ijayo. Kama ijayo ni ndogo kuliko iliyopita, hata hiyo haitakiondoa. Kipandishe siku mbili tatu kabla ya kilele, wakati kila kujaa kunazidi kwa jana.

Anayetumia jedwali la maji kwenye simu aangalie mambo mawili. Kwanza saa: 10:24 ya jedwali ni saa 4 na dakika 24 asubuhi, na wapo wanaoisoma kama saa 10 jioni wakatoka wakati maji yamejaa. Hakikisha pia jedwali ni la saa za Afrika Mashariki; la saa za Greenwich litakuwa nyuma kwa saa tatu. Pili kina: namba kama 0.3 au 3.8 hupimwa kutoka kiwango cha chini kilichowekwa kwa ajili ya ramani za bahari. Si kina cha maji mbele yako, kwa hiyo 0.3 inaweza kumaanisha mchanga mkavu Jambiani na mita kadhaa za maji mahali pengine. Ondoa namba ndogo kwenye kubwa: ukipata zaidi ya 3 uko kwenye bamvua, ukipata karibu na 1 uko kwenye maji mafu.