Tiva wa mafunjo: yanayosemwa kando ya Ziwa Victoria na yalivyo kweli

"Mbona wapo hadi mjini!"

Hili ndilo jibu la kwanza ukimwelezea mtu wa Mwanza habari za ndege mwenye kifua chekundu anayeishi kwenye mafunjo. Wala hadanganyi. Amemwona kweli ndege mwekundu kwenye michongoma ya jirani. Ila huyo ni tiva mwingine, Laniarius erythrogaster, mwenye kichwa, mgongo na mabawa meusi matupu, anayeishi vichakani na bustanini. Tiva wa mafunjo, Laniarius mufumbiri, ana utosi wa manjano na mstari mweupe kwenye bawa, na makazi yake ni mafunjo. Ukiondoa Uganda, magharibi mwa Kenya, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo, hapatikani kwingine duniani. Kwa miaka mingi IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimweka kwenye kundi la viumbe walio karibu kuingia hatarini. Nimeanza na hili kwa sababu makosa mengine yanachipukia hapa: mtu akiona wa bustani wamejaa, anaridhika kwamba wa ziwani nao hawajambo.

"Mafunjo yakifyekwa hapa, si watahamia kule?"

Hii ndiyo dhana inayoniumiza zaidi, maana inamfanya mfyekaji alale usingizi mzuri. Jozi ya tiva hushika eneo lake na kulilinda. Mafunjo ya ng'ambo yakiwa bado mazima, basi yana wenyewe tayari. Ndege aliyefukuzwa akifika huko anakuta pameshikwa, na hata akiachwa aishi pembeni hapati pa kujenga kiota. Kila ekari inayofyekwa ni nafasi za kuzaa zilizopotea.

Ndiyo maana anayetaka kujua mwenendo wa ndege hawa huanza kwa kupima mafunjo yenyewe. Upande wa Kenya watafiti walilinganisha ukubwa wa mafunjo kati ya mwaka 1969 na 2000. Dunga, pale jirani na Kisumu, yalikuwa yamepungua kwa asilimia 50. Koguta asilimia 47, Kusa asilimia 34. Hicho ni kipindi cha miaka 31 tu, na sababu ni zilezile tunazozijua huku kwetu: mashamba, moto, malisho na ujenzi.

Kuna jambo jingine. Mafunjo yaliyobaki mara nyingi hubaki vipande vipande, kimoja huku na kingine kule, katikati mpunga na nyumba. Kipande kidogo kinaweza kubeba jozi moja au mbili. Wakifa hao, wa kuja kuwarithi lazima avuke mahali pasipo na jani la kujifichia.

"Sauti zao bado tunazisikia kila asubuhi"

Kusikia sauti si kuhesabu. Dume na jike wa tiva hupokezana wimbo kwa haraka hivi kwamba msikilizaji hudhani ni ndege mmoja. Jozi hiyohiyo ikisogea kidogo na kuimba tena, mwingine atahesabu jozi ya pili. Isitoshe, eneo likifyekwa, waliokimbia husongamana kwenye kipande kilichobaki, na hapo kelele zinaweza kuongezeka kwa muda wakati idadi ya jumla inashuka. Wahesabuji makini husimama kwenye vituo vilevile, saa zilezile za alfajiri, kwa muda uleule, na kurudia miaka na miaka.

"Wakata mafunjo wa mikeka ndio wanaowamaliza"

Hapana, na hapa tunawaonea watu wanyonge. Mafunjo hukua upesi, yanafika mita 4 hadi 5, na yakikatwa kwa kiasi huchipua upya kutoka kwenye mizizi. Tafiti za Uganda zimeonyesha kwamba ukataji wa wastani hauwafukuzi ndege wengi wa mafunjo. Kinachowaondoa ni kung'oa mizizi, kuchimba mitaro ya kukausha maji na kuchoma moto mara kwa mara.

"Ukifyeka mafunjo, mbu na malaria vinapungua"

Mbu wakuu wa malaria huku kwetu hupenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi na kupigwa jua. Mafunjo hutia kivuli na kupoza maji. Kule Kabale, Uganda, utafiti wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba pembeni ya mabwawa yaliyogeuzwa mashamba kulikuwa na joto zaidi na mbu zaidi kuliko pembeni ya yale yenye mafunjo.

"Ni kwelea hao, walaji wa mpunga"

Tiva hula wadudu na konokono. Mkulima hana ugomvi naye.

"Ziwa likijaa, mafunjo yanaelea tu"

Ni kweli yanaelea, lakini pia yanameguka. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipofurika, visiwa vya mafunjo vilisukumwa na upepo huku na huko. Mwezi Aprili kimoja kilikwamisha mitambo ya umeme pale Jinja na Uganda yote ikawa gizani. Zamani maji yakipanda, mafunjo yalisogea nchi kavu. Leo nyuma yake kuna ukuta wa nyumba au shamba, na hayana pa kurudi.

"Basi yanakwisha kila mahali"

Hata hili si sahihi. Bwawa la mafunjo la Mara, pale mto unapoingia ziwani karibu na Musoma, limepanuka tangu miaka ya 1970, na udongo unaoletwa na mto ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Kwa hiyo takwimu ya Dunga haiwezi kusemea Magu au Sengerema. Kila ghuba ipimwe yenyewe.

"Mafunjo ni pori tu, halina mwenyewe"

Tanzania ina maeneo manne ya Ramsar, yaani ardhi oevu zinazotambuliwa kimataifa, na hakuna hata moja ufukweni mwa Ziwa Victoria. Inasikitisha. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Anayetaka mafunjo ya kijijini kwake yabaki hana haja ya kungoja hadhi ya kimataifa: aende na kamba ya kupimia kwenye kamati ya mazingira ya kijiji, aulize nani amevuka mita hizo.