Betri kuukuu hazizuii choo kujaa

Imani hii ni ya miaka mingi: betri za redio au tochi zikiisha, zitumbukize kwenye choo cha shimo, kitakawia kujaa.

Uchafu hupungua shimoni kwa njia mbili. Maji hunyonywa na udongo, na bakteria huozesha kinachobaki. Betri haisaidii lolote kati ya hayo. Ndani yake mna zinki, manganizi, kijiti cha kaboni na chumvi. Metali haziozi, na zikizidi zinaweza kuwaua bakteria haohao wanaokufanyia kazi. Ni sawa na kuwafukuza vibarua huku ukitaka nyumba iishe haraka. Baadhi ya betri za zamani zilikuwa hata na zebaki. Ganda likishaliwa na kutu, vilivyomo huvuja na kufuata maji ya ardhini, na kisima mara nyingi hakiko mbali.

Zihifadhi kwenye chupa kavu ya plastiki, watoto wasizifikie. Za simu ziweke kando, maana betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka. Kwa walio Nairobi, WEEE Centre hupokea taka za kielektroniki. Kwingine, zingoje safari ya mjini, hazidai ugali.