Kuweka franka kidogo kwenye golf: piga hesabu mbele ya kupari

Mwezi wa tano ukiisha ligi kubwa za Ulaya zinafunga, na kila mwaka ni kipindi kile kile vijana wa komini ya Kenya na Katuba wanaanza kutuletea tike zenye majina ambayo hata hawajui kuyatamka. Golf. Ju mpira umelala na programu ya kupari (kubeti) kwenye telefone hailali, na bahati yake golf ndiyo iko moto wakati ule, PGA Championship mwezi wa tano, US Open mwezi wa sita, The Open kule Uingereza mwezi wa saba. Masters ya Augusta, kule Marekani, inakuwa imeshapita mwezi wa ine. Sisi hapa Lubumbashi tuko na kartie nzima inaitwa Golf lakini wengi wetu hatujashika ile fimbo hata siku moja, basi mtu anaangalia koti, ile namba ya kuzidisha pesa unayoweka, anaona 81.00, anaona franka 1.000 yake inageuka 81.000, anabonyeza.

Mimi kazi yangu kwenye koperative ya akiba ni kusaidia watu wajue makuta yao inapita wapi. Sikuje kukataza mtu. Franka 1.000 ya kufurahia mashindano haiui nyumba. Ila golf iko na mahesabu yake, na mtu aliyezoea kupari mpira anaingia nayo vibaya sana.

Kwenye mpira match moja iko na majibu tatu tu, huyu ashinde, yule ashinde, ao draw. Kwenye golf mara nyingi wanaanza watu zaidi ya mia moja, mashindano mengi ya PGA Tour (ligi kubwa ya golf ya Marekani) yalikuwa na hadi 156 mpaka mwaka 2025, wanacheza siku ine kuanzia Alhamisi mpaka siku ya yenga, mashimo 72 kwa jumla. Baada ya siku mbili za kwanza karibu nusu wanafukuzwa, kwa kawaida PGA Tour inabakiza 65 wa kwanza pamoja na waliolingana nao. Kwa hiyo tike yako inaweza kufa Ijumaa usiku na mashindano yenyewe bado hata kufika katikati ya utamu.

Na usidanganyike na jina kubwa. Scottie Scheffler mwaka 2024 alikuwa na msimu ambao watu watausimulia miaka mingi, alishinda mashindano 7 ya PGA Tour kati ya 19 aliyocheza, juu yake akachukua dhahabu ya Olimpiki Paris. Sasa angalia upande wa pili: mara 12 hakushinda. Yule ndiye namba moja wa dunia! Halafu Noeli ya mwaka ule ule akajikata mkono na kioo cha glasi akitengeneza ravioli nyumbani, akakosa mashindano ya kuanza mwaka. Hakuna mtaalamu wa koti aliyeweka ravioli kwenye hesabu yake.

Upande wa wale ambao watu hawakuwategemea nao kuna habari zinazopenda kusambazwa. Ben Curtis alishinda The Open 2003 akiwa wa 396 duniani. Phil Mickelson alishinda PGA Championship 2021 akiwa na miaka 50. Mwaka 2019 Mmarekani mmoja aliweka dola 85.000 kwa Tiger Woods kwenye Masters akatoka na faida ya dola 1.190.000 (hiyo si pesa ndogo, na yule si mfano wa kuiga). Ni kweli zote. Lakini tike za watu waliokosa wiki zile hakuna anayezipiga picha.

Sasa tuingie kwenye koti yenyewe. Chukua 100 gawa kwa koti, unapata ile asilimia ambayo kampuni inakuuzia. Koti 5.00 ni 20 kwa mia. Koti 26.00 ni karibu 4. Ukifanya hivyo kwa wachezaji wote wa mashindano na ukajumlisha, ingepaswa kutoka 100, ju mshindi ni mmoja. Haitoki 100. Kwenye match ya mpira inazidi kidogo tu, kwenye golf, kwa sababu majina ni mengi na kila jina limeongezewa kidogo chake, inaweza kupita mbali sana. Tuseme imefika 130. Maana yake kwa kila franka 1.000 unayoweka, kwa wastani inarudi kama 770, ile 230 imeshaenda mbele hata mtu hajapiga mpira wa kwanza. Na ukiunganisha kombine ya mashindano mawili ya wiki moja, la Marekani na la Ulaya, unalipa ile kodi mara mbili: kwa wastani inarudi kama 590. Ndiyo maana kombine njo tike wanayoipenda zaidi kukuonyesha kwenye ekra.

Kitu kinacholeta kelele zaidi ofisini kwetu ni kulingana. Golf watu wanalingana sana. Umepari kwamba mchezaji fulani atamaliza ndani ya 20 wa kwanza, koti 1.80, umeweka franka 2.000, unangojea 3.600. Anamaliza wa 18, lakini wako watu sita wenye alama sawa pale, na nafasi zilizobaki ni tatu, ya 18, ya 19 na ya 20. Nafasi tatu kwa watu sita, basi kampuni nyingi zinakata pesa uliyoweka nusu: franka 1.000 inazidishwa na 1.80, ile nusu ingine imekufa. Unapewa franka 1.800. Tike imeandikwa umeshinda, na umepoteza franka 200. Mtu anakuja amekasirika anasema wameniiba yaya, hapana, hawakuiba, iko kwenye masharti ambayo alibonyeza nimekubali bila kuyasoma.

Ile ya kushinda-ao-nafasi, yaani unapari pamoja kwamba mchezaji atashinda na kwamba atamaliza kwenye nafasi za juu, nayo inabeba mbili. Ukiandika 1.000 inakatwa 2.000, moja kwa ushindi, moja kwa nafasi. Ni halali, na kwa golf mimi naona ina akili kuliko kutafuta mshindi peke yake, ila ujue ni 2.000.

Halafu kuna usiku. Augusta na sisi tunapishana saa 6, siku ya yenga mashindano yakiisha kule jioni, hapa ni karibu saa saba ya usiku. Mchezaji wako ameanza kupoteza, programu inakupa koti mpya kila dakika, wewe peke yako na telefone, unaweka 1.000 ingine ya kurudisha ile ya kwanza, na ingine. Tike nyingi kubwa ninazoona zilianza ndogo na zikakua kati ya saa tano na saa saba. Ushauri wangu hapo ni mgumu lakini ni mmoja: weka Alhamisi asubuhi, kiasi chako kiishe pale, kilichobaki ni kuangalia tu.

Na andika. Kidaftari, tarehe, ulichoweka, kilichorudi, pamoja na makato ya kuingiza na kutoa pesa kwenye telefone, ju kwa mtu wa franka 1.000 yale makato si kitu kidogo hata kidogo. Pesa ya bukari na minervali ya watoto isiguswe, hiyo sitaki kuirudia.

Mwisho angalia sharti la mchezaji kujitoa. Akijitoa mbele ya kupiga mpira wa kwanza, kampuni nyingi zinarudisha pesa. Akipiga hata mmoja halafu mgongo ukamuuma, imeenda. Piga skrinshoti ya tike na ya ukurasa wa masharti siku ile ile unayoweka, na kama kuna hesabu huielewi uilete kaunta yetu, funika tu namba yako ya telefone, tutaipiga pamoja na kalamu.