Ndago si nyasi: sifa na nafasi ya jenasi Cyperus

Anayelima mchicha bonde la Msimbazi, hapa Dar es Salaam, anaijua ndago kwa usumbufu wake: unapalilia leo, baada ya siku chache imeshachomoza tena. Wengi huihesabu kuwa nyasi. Siyo, na tofauti hiyo ina uzito shambani.

Chukua shina lenye suke, ulizungushe taratibu kati ya vidole. Utahisi kingo tatu. Likate: limejaa ndani, na kuanzia chini hadi kwenye suke hulioni kifundo. Shina la nyasi kwa kawaida ni la mviringo, lina vifundo, na aghalabu lina uwazi ndani. Majani ya ndago nayo hutoka pande tatu, na ala yake, ile sehemu ya jani inayokumbatia shina, imefungwa mzunguko mzima. Ya nyasi mara nyingi ina mpasuko.

Ndiyo maana ndago imo katika familia ya Cyperaceae, wakati nyasi zenyewe, pamoja na mpunga na mahindi, zimo Poaceae. Familia zote mbili ni za oda, yaani kundi kubwa la familia, iitwayo Poales. Undugu upo, ila wa mbali. Ndani ya familia hiyo ya Cyperaceae, ndago ni ya jenasi Cyperus, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu. Jenasi hiyo ilipewa nafasi yake na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753, na ina mamia ya spishi. Mafunjo, Cyperus papyrus, ambayo Wamisri wa kale waliyatumia kutengenezea karatasi, yamo humo na hupita mita 4 kwa urefu.

Alama ya jenasi iko kwenye vishuke, yaani vijisuke vinavyounda suke. Vimebapa, vigamba vyake vimejipanga safu mbili, na chini ya suke majani yametawanyika kama mwavuli. Ua halina petali. Ndago zile zenye vichwa vyeupe vya duara kwenye bustani za mjini, Kyllinga, zilihesabiwa jenasi ya peke yake. Vinasaba vimeonyesha zimetokea ndani ya Cyperus, na wataalamu wengi sasa wanaziunganisha. Naona ni haki.

Ndago ya shambani, Cyperus rotundus, nguvu yake iko chini: viazi vidogo vyeusi vinavyofuatana kwenye shina la ardhini. Ndugu yake, Cyperus esculentus, huweka kiazi kimoja nchani, nacho huliwa. Ukivuta majani tu, viazi hubaki na kuchipua upya. Dawa za kuua nyasi pekee haziigusi ndago, kwa hiyo soma lebo kabla ya kununua, au chimba kwa jembe uviokote viazi vyenyewe.